Wifi Yangu Kaniibia Usukani Asubuhi ya Mashindano

Nilipanda baiskeli yangu, nikashika usukani, mikono ikaenda mbali...

Haukuwa usukani wangu.

Tulikuwa tumeshapanga mstari. Kocha ana filimbi mdomoni. Usukani wangu mpya, ule wa pembe zilizokunjwa kwenda chini, na utepe wake mwekundu, niliuona palepale mstarini.

Umefungwa kwenye baiskeli ya wifi yangu!

Mimi kanifungia dude pana, nalo la pembe za chini ila limetanuka kwa nje kama pembe za ng'ombe mkorofi. Hata utepe wangu hakujisumbua kuubadilisha. Mwizi asiye na haya ndiye huyo.

"Wifi," nikamwita. "Umenifanyia nini?"

Hakugeuka. "Kanyaga kwanza. Maneno baadaye."

Filimbi ikalia.

Ngoja niwaeleze, msije mkaniona mimi ndiye mkorofi.

Mimi ni fundi cherehani. Wifi, dada wa mume wangu, ni fundi baiskeli. Wote wawili tunaendesha safari ndefu za njia mbovu, kokoto na mchanga, siyo lami. Timu inayokwenda kuvuka mpaka ilibakiza nafasi moja tu ya mwanamke. Wanawake tulikuwa wengi, na wote tuliitaka, na atakayeshinda mashindano ndiye angeichukua.

Mume wangu alishaweka sharti lake.

"Ukiipata, nenda na baraka zangu," aliniambia. "Ukiikosa, baiskeli tunaiweka chini mama watoto. Nimechoka kukusubiri dirishani."

Nikakubali. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho.

Ila kulikuwa na jambo sikumwambia. Vidole vyangu vilikuwa vinakufa.

Usukani wa zamani ulikuwa umenyooka. Unashika pahali pamoja, uzito wote unalalia kiganja kilekile kutwa nzima. Kilianza kidole cha mwisho, kikafuata jirani yake. Nikawa naishika sindano lakini siisikii. Fundi cherehani asiyeisikia sindano, jamani, atakula nini?

Ndiyo maana nikanunua wa pembe. Ule una pa kuhamishia mikono: juu, mbele kwenye breki, au chini kabisa. Nikachagua mwembamba, wanaoutumia wale wa mashindano ya lami. Sababu? Ulikuwa mzuri. Basi.

Wifi alipouona aliguna.

"Huo wa lami wifi. Kwenye kokoto utakutupa. Kuna aina nyingine..."

"Wivu haujengi, wifi," nikamkata.

Akarudi kwenye spana zake. Jioni ya kuamkia mashindano nikampelekea baiskeli akaze nati, akasema ataileta mwenyewe hadi mstarini. Mtu wa nyumbani, utamshuku kwa lipi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi siku hiyo nilikanyaga kwa hasira. Machozi na vumbi vikawa tope usoni. Kila nikiinua kichwa naona utepe wangu mwekundu unaniacha. Akilini nilimwona mume wangu anaining'iniza baiskeli yangu ukutani. Nilijiona mwenyewe kwenye kiti cha cherehani, nanyoosha miguu isiyo na pa kwenda. Nilimwomba Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tukapanda mlima. Kileleni tulibaki wawili mbele ya wote, yeye na mimi.

Kisha mteremko.

Kokoto tupu, kona baada ya kona. Nikashusha mikono kwenye pembe za chini, kidole kikaifikia breki bila kuitafuta. Baiskeli inatetemeka, lakini inaenda ninakotaka. Hasira ilinijaa hata sikujiuliza kwa nini.

Kwenye kona ya chini nikamkuta.

Wifi yangu amekaa pembeni ya njia, miguu mbele, bega moja limeshuka. Baiskeli iko mtaroni.

Nikafunga breki. Msinisifu. Nilisimama ili nimtukane.

"Umeona? Umeona sasa? Cha wizi hakina baraka!"

"Nimeona," akasema. Midomo imemkauka. "Wako umebana mno, wifi. Gurudumu likigonga jiwe linakunyang'anya mikono. Breki nayo huifikii vizuri."

"Sasa uliuiba wa nini?"

Akanitazama kama anavyotazama mteja aliyefunga cheni nyuma mbele.

"Huo uliofungiwa ni wangu. Niliuagiza kwa ajili ya mashindano haya. Umekuja mmoja tu, na wangu wa zamani nilishamfungia mteja."

Nikaangalia mikono yangu juu ya lile dude pana...

"Siku ile kwangu ulishindwa kumfunga mwanao kifungo," akaendelea. "Ukamwambia ajifunge mwenyewe, ameshakua. Mtoto hajui hata kushoto na kulia, wifi. Mimi kidole kikifa ganzi bado nakaza nati. Wewe sindano utaishikaje?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Nikailaza baiskeli chini.

"Na usidhani nilikuachia nafasi," akasema, anacheka na kuumia kwa pamoja. "Nilijua nitakushinda hata kwa huu mbovu wako."

Nilipiga magoti. Nikavua kitambaa cha kichwani, nikamfunga mkono kifuani, mafundo mawili. Juu yetu wengine walikuwa wanashuka, nasikia kokoto zinaruka. Nyuma yao lilikuja gari la msaada.

"Nakaa na wewe."

"Gari hilo linakuja. Panda baiskeli."

"Siwezi kukuacha, wifi."

"Ukibaki hapa nimevunjika bure!"

Gari liliposimama, muuguzi akashuka na mkoba wake. Wenzetu watatu walikuwa wameshanipita. Nikapanda.

Sikumbuki vizuri njia iliyobaki. Nakumbuka nilikuwa nahamisha mikono, juu, mbele, chini, nikisema samahani wifi kila nikikanyaga. Niliwapata mmoja mmoja. Wa mwisho nilimpita kwenye mchanga, pale ambapo usukani wake mwembamba ulikuwa unamchezesha huku na huku.

Nafasi nikaipata.

Hospitali nilimkuta mume wangu kando ya kitanda, anamgombeza dada yake.

"Fundi mzima! Nani alikufungia usukani wa lami?"

"Nilichagua mwenyewe," wifi akajibu, akanikonyeza ninyamaze.

Sikunyamaza. Nikamweleza mume wangu yote, usukani na vidole. Akaishika mikono yangu, akawa anaibonyeza kidole kimojakimoja.

"Vipi vidole?" wifi akauliza kutoka kitandani.

Walikuwa wamekata mkono wa fulana yake ili wamfunge bega. Nikaichukua ile fulana. Sisi mafundi sindano haitutoki kwenye kola. Nikatoa sindano, nikaisikia, nikatoa uzi, nikautunga mara moja, kwa vidole vilevile, bila kulamba uzi.

Wifi akageukia ukuta. Nilidhani anaumwa bega, kumbe analia.

Ndugu zangu, mtu wa nyumbani akikubadilishia kitu, usikimbilie kumlaani. Kishike kwanza, ukitumie, umsikie anasemaje.

Na usukani wa lami uacheni lami.