Gundi ya Albamu ya Idil

Katika mji mzima wa Garissa hakuna aliyejua gundi kunishinda mimi, Arbia, muuza ubani na utomvu wa miti. Ni kweli pia kwamba mwaka 1996, mwaka wa kisa hiki, nilijaribu kuunga kisahani kwa gundi ya dukani, kikanishika kidole, nikaenda nacho arusini nikidai ni pete ya mtindo mpya. Hayo tuyaache.

Kila siku baada ya masomo mjukuu wangu Idil, wa darasa la sita, alipitia kwenye meza yangu sokoni. Alinisaidia kuchambua utomvu, kisha tukarudi pamoja nyumbani, mtaa wa Galbet. Jumatatu moja alikuja amekumbatia daftari kubwa kama mtu aliyepakata mtoto.

"Ayeeyo," akasema, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyowaita bibi zao, "Mwalimu Abdilatif amenichagua nitengeneze albamu ya darasa. Nibandike ramani ya mkoa wetu, mifugo na watu wa hapa. Alhamisi ya wiki ijayo wazazi watakuja kuitazama."

Nyuma yake alisimama rafiki yake Kaltun. Akaingiza mkono ndani ya mkoba, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa picha. Ilikuwa ya marehemu baba yake, Billow, amesimama kando ya lori lake la kubebea ng'ombe kutoka Takaba. Hapakuwa na picha nyingine ya mtu yule duniani.

"Mama yako anajua?" nikamwuliza.

"Hooyo amekubali, wallahi!"

Nikaitazama ile soksi. Picha iliyoruhusiwa na mama huja ndani ya bahasha.

Idil aliishika kwa ncha za vidole. "Nitakurudishia kama ilivyo," akamwahidi mwenzake. "Haitapata hata doa."

Jioni ile alikoroga uji mzito wa unga wa ngano, akabandika ramani. Ilishika vizuri, ingawa ilivimba hapa na pale kama chapati. Akaianika uani, akalala kwa amani. Alfajiri tulimkuta mbuzi wangu mwekundu juu ya albamu. Alikuwa ameanzia Mandera, akashuka taratibu kupitia Wajir, na tulipofika alikuwa anamalizia Ijara.

"Mbuzi mwizi!" Idil akalia.

"Mwizi kwa lipi? Umempikia uji, ukamwandalia na sahani."

Nilidhani atakata tamaa. Alifuta machozi kwa ushungi, akaketi kuchora ramani upya. Kisha akasema, "Ahsante Mungu sikuanza na picha ya baba Kaltun. Kuanzia leo kila gundi nitaijaribu kwanza kwenye kitu kisichoniuma."

Siku ya pili alimwomba fundi wa baiskeli gundi kidogo ya kuzibia pancha. Akabandikia karatasi ya majani ya chai. Ikashika papo hapo, akaruka kwa furaha. Lakini baada ya siku moja juani karatasi ilitoka madoa ya manjano hadi upande wa pili. Isitoshe, ukifungua ukurasa, kwa harufu ungedhani kuna gurudumu ndani.

"Ayeeyo, wewe unauza utomvu. Nipe ule unaoshika."

"Beseni lile pale. Chagua," nikasema. Ningeweza kumwonyesha, lakini mtoto anayeonyeshwa kila kitu hubaki na vidole tu, akili anamwachia bibi.

Akachagua madonge ya rangi ya kahawia, makubwa na ya kupendeza. Akayaloweka usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na madonge yangali madonge. Alikuwa amechukua manemane, ambayo sisi huyafukizia wanawake waliojifungua. Karatasi haikushika kitu. Bali ukurasa ulinukia kama mzazi wa siku saba, na jirani alipochungulia akaniuliza, "Hongera, ni mvulana au msichana?"

Idil hakucheka. Alimwaga maji yale, akaketi mbele ya beseni na vikombe vitatu. Akatia donge moja la kila aina katika kila kikombe, akasubiri. Kabla ya adhuhuri aliona kwamba yale madonge meupe yanayong'aa, ambayo wachungaji hutafuna malishoni kama peremende, yalikuwa yameanza kulainika. Hayo ndiyo habag, utomvu wa mgunga. Akaongeza, akakoroga hadi yakawa mazito kama asali, akachuja kwa kitambaa kuondoa mchanga na maganda. Akapaka kiasi chembamba mno. Ukurasa ulihitaji uzito ili ukauke ukiwa umenyooka, na uzito uliopatikana nyumbani ulikuwa mimi. Nilikalia albamu ile toka alasiri hadi magharibi, nikinywa chai.

Ramani ikalala tambarare. Ngamia, ng'ombe, visima, vyote vikashika. Ikabaki picha ya Billow, na siku mbili tu.

"Nipe picha yako moja mbovu nijaribu," Idil akasema.

Nikampa ile niliyofumba macho. Akaibandika, na ilipokauka akajaribu kuibandua. Ikachanika mgongo, uso wangu ukabaki nusu kwenye daftari.

Akapitisha kidole kwenye ile nusu iliyobaki. "Inashika mno," akasema. "Hii yako haitatoka tena. Ile ya Kaltun lazima itoke."

Ushungi wangu una fundo kwenye pembe, na ndani ya fundo mna ufunguo wa kabati. Ndivyo tunavyotunza funguo sisi wanawake wa huku. Nikalitikisa mbele yake.

"Ufunguo huu nimeubandika kwa gundi gani?"

"Haukubandikwa. Umeshikwa na..." Akakatiza neno, akakimbilia mkasi.

Alikunja vipande vinne vidogo vya karatasi, kila kimoja mfuko wa pembe tatu. Akavivisha kwenye pembe za picha kama viatu, akapaka gundi migongo ya vile viatu tu, akavibandika ukurasani. Picha ilikaa imara. Ukitaka, unaichomoa.

Alhamisi, darasani mbele ya wazazi na mimi bibi mtu, Mwalimu Abdilatif alitaka kujua kila hatua, hata ya mbuzi. Kisha akawageukia wanafunzi.

"Mmesikia? Wengi wetu huuliza gundi gani inashika zaidi. Idil ameuliza: karatasi hii ni ya aina gani, itakaa wapi, na je, siku moja itatakiwa kutoka? Tena hakujifunzia kwenye mali ya mtu. Bidii isiyopima ni hasara, na bidii inayopima hata mbuzi hawezi kuila."

Wakapiga makofi. Wakati huohuo akaingia Sharifo, mama yake Kaltun, macho mekundu.

"Kaltun, picha ya baba yako iko wapi?"

"Iko sandukuni, hooyo," Kaltun akajibu haraka. "Nimeiona leo asubuhi."

Idil alikuwa upande wa pili wa chumba, hakusikia. Alikuja mbio na albamu mkononi, akamwita eddo, yaani shangazi, kwa heshima. "Eddo Sharifo, tazama! Gundi haijaigusa kabisa!" Akaichomoa picha kutoka kwenye pembe zake, akampa kwa mikono miwili.

Sharifo aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Ilikuwa safi.

"Imerudi bila doa, Idil. Mungu akubariki. Doa liko kwingine." Akamgeukia binti yake, sauti ya chini kabisa. "Leo asubuhi nilimwaga sanduku lote kitandani nikiitafuta. Sasa niambie, binti Billow, wewe uliiona wapi?"

Kaltun alirudi nyuma hatua moja. Kisha akanitazama mimi, nimsaidie.

Mimi nikatazama paa.