Upande wa Pili wa Gari

Kila mtu alikuwa anaitazama mashine, lakini Tusekile alikitazama kigoda. Kigoda cha baba mkwe wake kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na kilikuwa kikavu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, gari limesimama uani, magurudumu yanaoshwa, na kigoda kile kilikuwa kikavu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kushangaza kweli. Gwamaka, mume wake, aliipa jina la Kobe kwa sababu ilikuwa na mgongo wa duara na ilitambaa chini chini. Kobe alifika kwenye gurudumu akatoa mikono sita myembamba, kila mkono na brashi yake laini. Kwanza alipuliza ukungu wa baridi ili rimu ipoe, maana rimu ya moto ikipakwa sabuni, sabuni hukaukia pale pale na kuacha madoa. Kisha akanusa. Ndani yake mlikuwa na pua ya umeme iliyojua kutofautisha tope, lami na vumbi jeusi la breki, na kila uchafu ulipewa dawa yake. Brashi ziliingia kwenye kila upenyo, zikazunguka polepole, na maji machafu yakafyonzwa tumboni mwa Kobe, yakachujwa, yakatumika tena. Majirani waliokuja kuangalia walipiga makofi.

"Mbeya hii," alisema Gwamaka, "magari yanajiendesha siku hizi, lakini milima ni ileile. Kila mteremko ni breki, na kila breki ni vumbi. Sasa mtu hana haja ya kupiga magoti nyumbani kwake." Akamgeukia baba yake. "Baba, magoti yako yamestaafu leo."

Alikuwa amemtengeneza Kobe kwenye karakana yake ya roboti, kwa sababu siku moja alimwona baba yake akinyanyuka kwa kushika ukuta.

Mzee Anyosisye alicheka kidogo. "Nimeona, mwanangu. Umefanya kazi nzuri."

Mikono yake haikuwa na la kufanya. Akaitia mifukoni.

Katika nyumba ile mila ya Wanyakyusa haikuwa imeachwa. Mwanamke na baba mkwe wake hawaketi wakatazamana, wala hawapigi soga. Zamani mwanamke alijificha nyuma ya kichaka akisikia mkwe wake anakuja. Siku hizi nyumba zenyewe zilikuwa zimefundishwa. Mzee akikaribia chumba alichomo Tusekile, kengele ndogo ililia ting, na Tusekile akapisha kwa mlango mwingine. Mafundi waliiita kengele ya heshima, na nyumba nyingi mjini zilikuwa nayo.

Lakini kengele hiyo iliishia barazani. Haikufika uani.

Gwamaka alikuwa akishinda karakanani kila Jumamosi, kwa hiyo hakujua mambo yalivyoanza. Wakati huo Tusekile alikuwa mgeni bado katika nyumba ile. Alitoka na ndoo kuosha gari, akachuchumaa kwenye gurudumu la kushoto, hakujua kwamba mzee ameshakaa upande wa kulia na kigoda chake. Alipoisikia sauti ya mzee alitaka kukimbia.

"Anza na magurudumu, bodi baadaye," sauti ilisema. "Ukianza na bodi, uchafu wa gurudumu utairukia, kazi utairudia. Na tafuta kigoda. Mgongo wa kuinama hauoshi kitu vizuri."

Gari lilikuwa katikati yao. Yeye hakumwona mzee, mzee hakumwona yeye. Akabaki.

Siku hizo hapakuwa na ukungu wa baridi. Ilibidi kungoja rimu zipoe zenyewe, na watu wawili wakingoja pamoja, maneno huja. Mzee alimsimulia habari za marehemu mke wake, ambaye alikuwa akiongea zaidi na ng'ombe kuliko na watu. Tusekile alimsimulia habari za bibi yake wa Kyela aliyemlea. Baba yake Tusekile aliondoka kabla hajazaliwa, wala hakurudi, na kwa sababu hiyo lipo neno moja ambalo mdomo wake haukuwahi kulizoea. Hakujua amwite mzee nini. Basi kila alichosema alikianza na samahani.

"Samahani, huko sabuni ipo?"

"Ipo. Ila mimi siitwi Samahani. Nani kakwambia hilo ndilo jina langu?"

Tusekile alijiziba mdomo kwa kanga ili asicheke kwa sauti.

"Cheka tu," mzee alisema. "Gari halina masikio."

Halafu kulikuwa na siku ile. Mimba ya Tusekile ilikuwa imeharibika. Watu walikuja, wakampa pole, wakanywa chai, wakaondoka. Jumamosi ilipofika alikaa kwenye kigoda chake na brashi mkononi, mkono ukakataa kuinuka. Upande wa pili brashi ya mzee ilisimama.

"Leo magurudumu yote ni yangu," mzee alisema. "Wewe kaa hapo tu, nisikie unapumua."

Alipomaliza upande wake alikohoa, Tusekile akahama na kigoda chake akazunguka mbele ya gari, mzee akazungukia nyuma. Hivyo ndivyo walivyolizunguka gari, mmoja akilia taratibu, mwingine akiosha, bila kuonana hata mara moja.

Mambo hayo yote hayakuwemo kwenye michoro ya Gwamaka alipokuwa akimtengeneza Kobe. Angeyawekaje? Hakuna aliyemwambia.

Tangu Kobe aje, Jumamosi ziliisha haraka. Magurudumu yalimeta. Mzee alikaa chumbani kwake akitazama Mlima Loleza dirishani. Kengele ya heshima ilianza kulia kwa nadra, na ziko siku haikulia kabisa. Tusekile, ambaye zamani ilikuwa ikimshtua, sasa alikuwa akiitegea sikio.

Mchana mmoja alikuwa jikoni akipakua chakula, akamsikia mzee akisema mezani, "Jumamosi nitarudi Tukuyu, kwa mdogo wako."

"Kwa nini, baba?" Gwamaka aliuliza. "Umekosa nini hapa?"

"Sijakosa kitu. Kila kitu hapa kinafanyika. Ni mikono yangu tu imekuwa migeni."

Tusekile alisimama na mwiko mkononi mpaka wali ukapoa. Jioni alimfuata mume wake.

"Gwamaka."

"Mmh?"

"Huyu Kobe..."

Gwamaka aliinua uso haraka. "Ana kasoro? Niambie, nitaitengeneza kesho."

Ulikuwa uso wa mtu aliyempenda baba yake akafanya alichojua kufanya. Tusekile aliutazama, akaliacha alilotaka kusema.

"Hapana," alisema. "Anaosha vizuri sana."

Jumamosi ilifika na mvua yake. Mvua ilipokatika, gari lilikuwa limetapakaa tope hadi kwenye kofia za rimu. Gwamaka alimwamuru Kobe alitayarishe kwa safari, akaingia ndani kutafuta koti la baba yake. Kobe alisafisha gurudumu la kwanza. Akaanza kutambaa kuelekea la pili. Hapo Tusekile akainama, akabonyeza kitufe chekundu mgongoni mwake.

"Magurudumu matatu bado ni machafu," alisema Kobe kwa sauti yake ya upole. "Niendelee?"

"Pumzika," Tusekile alimwambia. "Pole, hujakosea."

"Tuse!" Gwamaka aliita kutoka dirishani. "Ameharibika?"

"Hajaharibika!"

Hakuwahi kumjibu mume wake kwa sauti kubwa hivyo. Alichota maji, akachukua brashi za zamani na vigoda viwili. Kimoja alikiweka upande wa kulia wa gari. Kingine alikiweka upande wake, karibu na baraza, kwenye gurudumu la nyuma lenye tope. Akakaa.

Ting.

Kengele ililia barazani. Mzee alikuwa anatoka. Miguu ya Tusekile ilitaka kuinuka, kama ilivyozoea miaka yote. Akaikaza. Aliinamisha kichwa akaitazama rimu, tope lake na vumbi lake la breki, wala hakuondoka. Ting, kengele ikalia tena, kana kwamba imedhani hajasikia.

Nyayo zilisimama. Kisha zikapita mbali, zikizungukia mbele ya gari. Begi likawekwa chini. Upande wa pili kigoda kililia kwa uzito wa mtu.

Baadaye brashi mbili zikaanza kusugua.

"Rimu hizi zimeshapoa?" mzee aliuliza.

"Samahani, zimepoa."

"Haya. Hilo la mbele huko ulishalimaliza?"

"Samahani, hilo ameliosha Kobe."

"Ameosha vizuri?"

"Vizuri."

"Kijana wangu ni fundi," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari na huzuni kwa pamoja.

Gwamaka alitokea mlangoni na koti mkononi. "Kumbe huwa mnaongea?"

"Nyamaza wewe, ingia ndani," alisema mzee. "Watu wako kazini."

Gwamaka hakuingia ndani. Alisimama pale pale, akamtazama Kobe aliyetulia na mikono yake sita imekunjwa, akavitazama vigoda viwili na gari katikati yake. Taratibu, koti likamshuka mkononi.

Gari likawaka taa. "Safari ya Tukuyu iko tayari," likasema. "Abiria apande."

Tusekile aliitupa brashi ndani ya ndoo.

"Usiende," alisema.

Upande wa pili brashi ilisimama.

"Abiria apande," gari likarudia.

"Zima," mzee aliliamuru, na taa zikazimika. Matone yakadondoka kutoka kwenye rimu. "Eh. Nimesikia mtu anasema usiende. Anamwambia nani? Maana hapa yuko mmoja tu, anaitwa Samahani."

Tusekile alicheka, machozi yakamtoka papo hapo. Aliweka kiganja chake kwenye mlango wa gari, kama mtu anayeshika ukuta ili anyanyuke.

"Siyo Samahani," alisema. "Namwambia baba."