Uyoga wa Bi Nimechoka

Uyoga wa porini haujui kupanga mstari. Unaota unapotaka, kwenye kisiki, kwenye samadi, hata ndani ya kiatu kilichosahauliwa mvuani. Ndiyo maana asubuhi ile mama Siafu alisimama na ndoo yake nyuma ya maharage akauangalia vizuri. Kofia zilikuwa nyekundu zenye ukingo wa buluu, kama kitu cha kununua dukani. Na zilikuwa zimejipanga mistari mitatu iliyonyooka.

Angeshangaa zaidi, ila nguvu za kushangaa hakuwa nazo. Nyumba nzima ilikuwa hoi. Walilala mapema kama kuku, na bado waliamka wamechoka kuliko walivyolala, magoti yakiuma, kucha zimejaa udongo. Yeye na mumewe waliweza kusingizia umri. Lakini Siafu alikuwa na miaka minane, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakujua kutulia. Sasa alisinzia na kijiko mdomoni, mashavu yamebonyea, na mwalimu alishatuma barua mara mbili. Mama yake aliogopa kumpoteza, na aliogopa hata kulisema.

"Marehemu mama katurithisha ugonjwa wake," baba Siafu alitania huku akipiga miayo.

Mama yake huyo alikuwa amefariki miezi sita nyuma. Miaka yote waliyoishi naye, kila asubuhi aliketi ukingoni mwa kitanda na kusema, "Nimechoka." Wakamcheka. Mtu kalala usiku kucha, kachoshwa na nini? Mwanawe ndiye aliyembandika jina la Bi Nimechoka, na mkwewe ndiye aliyelitangaza mpaka kwa majirani.

Bwana shamba, yule afisa wa kilimo mwenye pikipiki inayokohoa, alikuja Jumanne. Alipekua kitabu chake mara mbili, asiuone uyoga ule.

"Msiule kwanza," alisema. "Tuupime. Uyoga uliokomaa hudondosha vumbi, na vumbi hilo ndiyo mbegu yake. Nikiona rangi ya vumbi nitajua ni wa ukoo gani."

Aliweka kofia moja juu ya karatasi nyeupe na nyingine juu ya karatasi nyeusi, akazifunika kwa mabakuli ya jikoni, akaondoka. Kesho yake alifunua. Karatasi zote mbili zilikuwa safi. Akarudia na kofia nyingine sita, na siku iliyofuata zikawa vilevile.

"Huu hauna mbegu, mama Siafu," alisema, sauti imeshuka. "Na kisicho na mbegu hakijioteshi. Huu unapandwa."

"Unapandwa na nani?"

Bwana shamba alitoa rula, akainama kupima nafasi kati ya shina na shina. Mstari wa kwanza nafasi zilikuwa kubwa, wa pili za wastani, wa tatu ndogo. Ila ndani ya mstari mmoja hazikupishana hata kidogo.

"Hapa mnapanda kwa kamba?"

"Kwa shibiri." Ndivyo Bi Nimechoka alivyowafundisha wote: tandaza kiganja, kidole gumba mpaka cha mwisho, chimba shimo.

Alipolisema akalisikia. Akapiga magoti, akatandaza kiganja chake kwenye mstari wa kati. Kidole gumba kikagusa shina, cha mwisho kikagusa la pili. Akasogea, ikawa hivyo hivyo mpaka mwisho. Mumewe akajaribu mstari wa kwanza akicheka, kisha akaacha kucheka. Mstari wa tatu hakuna aliyetaka kuupima. Siafu alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni mwa jiko.

"Ng'oeni mchome," bwana shamba alinong'ona, akirudi kinyumenyume. "Hili si la ofisi yetu." Rula yake aliiacha palepale.

Waling'oa, wakachoma. Asubuhi mistari ilikuwa imerudi, na Siafu hakuweza kusimama.

Baba Siafu akaenda kumtafuta mganga. Saa saba mchana, jua la utosi, mama alikuwa amekaa mkekani na kichwa cha mwanawe mapajani, na hapo ikaja harufu ya nguo zilizovundia kwenye beseni, ikatoka maharageni ikiwa nzito, ikapita juu ya kizingiti, na kuku wakanyamaza, na upepo ukanyamaza, na midomo ya Siafu, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba na kifua chake hakikupanda wala kushuka, ikaanza kusema kwa sauti ya mtu ambaye tangu aumbwe hajawahi kuchoka.

"Bibi alipanda peke yake. Nyinyi watatu hammfikii."

"Wewe nani?" mama alinong'ona.

"Mlaji."

"Muache mtoto. Nakuomba, muache."

"Nani atapanda?"

Alikumbatia kile kichwa kidogo. Alikuwa amechoka mno, hata kulia hakuweza.

"Mimi. Peke yangu. Muache yeye na baba yake."

"Naye alisema hivyo hivyo," sauti ikajibu, "siku mwanawe alipoanza kutambaa."

Siafu akavuta pumzi ndefu. Harufu ikaondoka. Mama yake alibaki ameganda pale mkekani, na aibu ikamchoma kuliko hofu. Alikumbuka kila kicheko.

Mganga alifika alasiri. Akafukiza nyumba, akazunguka shamba akisoma, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Na kweli, asubuhi Siafu aliruka kitandani, akamaliza uji wake, akaomba mwingine, kucha zake safi kabisa.

"Mganga huyu ni kiboko!" baba Siafu alisema mlangoni, akijinyoosha. "Sijalala hivi tangu mama afe."

Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kiuno kilikuwa kama si chake. Neno likamtoka kabla hajalizuia.

"Nimechoka."

"Toba! Si umelala tangu saa mbili?" Mumewe aliangua kicheko. "Siafu, njoo umuone. Tumepata Bi Nimechoka mwingine!"

Siafu naye akacheka, kicheko kirefu cha mtoto aliyelala vizuri. Mama yake alikisikiliza mpaka kikaisha, kisha akaficha mikono yake chini ya shuka.