Fundi na Kuta za Michungwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi aliizungukia michungwa yake. Alikuwa mwashi mstaafu. Yeye na mkewe walikuwa na michungwa ishirini, na hiyo ndiyo iliyowalisha uzeeni.

Kila mchungwa aliujengea ukuta mdogo wa matofali, wa mviringo. Ndani alijaza udongo na samadi, akamwagilia maji. Wapita njia walisimama kutazama. Fundi alivimba kichwa, na alikuwa na haki, maana kazi ilikuwa safi.

Kisha michungwa sita ikaanza kudhoofika. Majani yaligeuka njano. Matawi yalikauka kuanzia juu. Fundi akaongeza samadi na maji, hali ikazidi kuwa mbaya. Mkewe alikosa usingizi. Mwishowe alimwita jirani yao muuza miche, rafiki yake tangu ujana.

Jirani hakuangalia majani. Alipiga magoti, akafukua udongo shinani. Gome lilikuwa limeoza na linatoa utomvu wa kahawia.

"Shemeji, shina linaoza," alisema. "Vimelea vya ugonjwa huu vinapenda udongo wenye maji. Shina linataka hewa. Hizi kuta zinalilowesha mchana kutwa."

Fundi aliinama, akaligusa lile gome. "Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni mapenzi yako, shemeji. Yamezidi tu."

Mkewe akacheka huku machozi yakimlenga.

Jirani akawaeleza la kufanya. Waondoe udongo mpaka mizizi mikubwa ya juu ionekane. Wakwangue gome lililooza, wapake dawa ya ukungu yenye shaba. Wamwagilie mbali na shina, pale matawi yanapoishia. Wakate matawi makavu, na wasafishe msumeno kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Kuvunja kazi ya mwenzako ni rahisi. Fundi huyu alichukua nyundo siku ileile, akavunja kuta zake zote ishirini, hata za michungwa iliyokuwa mizima. Mimi namvulia kofia.

Mchungwa mmoja ulikufa. Waliung'oa na mizizi yake, wakauchoma. Mitano ilitoa majani mapya, na msimu wa pili ikazaa vizuri.

Siku moja mkulima wa mbali alikuja kumwomba amjengee kuta kama zile alizowahi kuziona. Fundi alimshika mkono, akampeleka kwenye mchungwa, akamwonyesha kovu kubwa shinani.

"Hili nililisababisha mimi," alisema. "Kaa hapa nikueleze."