Nusu Uhai wa Tekla

Kila asubuhi Tekla wa Mtoni hufagia uwanja, kisha huinjika uji wa bintiye Elinaza, mtoto wa miaka miwili. Wiki hiyo hakufagia. Alikaa chumbani peke yake. Hospitalini alikuwa amenyweshwa iodini yenye mionzi, dawa ya kutibu tezi la shingo. Cheti kilimwamuru asimbebe mtoto kwa wiki mbili. Chini yake paliandikwa: "Nusu uhai: siku nane."

Tekla aliyasoma maneno hayo mara saba. Siku ya nne akafungua mlango.

"Mama, nipe mwanangu," alimwambia mama mkwe wake, Eliaichi. "Uhai wangu umebaki siku nane, na nne zimekwisha. Nimshike kabla sijafa."

Eliaichi aliangua kilio, akamnyanyua mjukuu ampeleke.

"Mrudishe mtoto!"

Alikuwa Nasim, jirani yao, mtaalamu wa mionzi hospitalini, aliyekuja kurudisha ungo. "Shikamoo, mama. Tekla, nani kakwambia unakufa?"

"Cheti."

Nasim alikisoma, akacheka. "Shoga, uhai huo si wako. Ni wa iodini!"

Aliomba maharage, akayapanga kwenye ungo. "Hiki ni kiini cha atomu ya iodini. Mekundu ni protoni, hamsini na tatu. Meupe ni nyutroni. Kiini hiki hakitulii." Aliondoa haragwe moja jeupe, akaweka jekundu. "Nyutroni moja imegeuka protoni, ikarusha nje chembe ndogo, elektroni. Hiyo ndiyo beta, inayochoma tezi lililougua. Protoni sasa ngapi?"

"Hamsini na nne," alisema Eliaichi, aliyeuza maharage kwa miaka ishirini.

"Basi si iodini tena. Ni zenoni, gesi isiyodhuru."

"Mbona nisimshike mwanangu?" aliuliza Tekla.

"Kwa sababu ya gama. Hiyo ni nishati iliyozidi kwenye kiini. Ikitoka, idadi ya maharage haibadiliki, lakini hupenya mwili wako hadi kwa mtoto. Ipo pia alfa: protoni mbili na nyutroni mbili hutoka pamoja. Hivyo ndivyo uraniamu hugeuka thoriamu. Hiyo haimo katika dawa yako."

"Na siku nane?"

"Kila siku nane, nusu ya iodini iliyobaki hugeuka. Nyingine unaikojoa."

"Kumbe inayokwisha ni dawa, si mie!"

"Neno usilolijua huulizwa," alisema Nasim. "Halibuniwi."

Tekla alimpungia Elinaza mkono, akaufunga mlango mwenyewe. Mtoto alilia. Mama naye alilia, lakini hakufungua.

Siku ya kumi na tano uwanja ulifagiwa mapema. Eliaichi alimtoa mjukuu ndani, akamweka kifuani mwa mama yake.

"Mshike," alisema. "Mama yako huyu, Elinaza. Mzima, si nusu."