Hodi ya Kibanda cha Mwisho

Haya yalimpata shoga yangu, mfua mashuka wa hoteli ya vibanda vya makuti kisiwani. Wageni walipokwisha, meneja alimkabidhi funguo.

"Dada, piga deki kote. Boti itakufuata baada ya siku tatu. Usiogope, huku hata mwizi hafiki!"

Hakusikia sauti ila ya mawimbi, hata akawa anapiga soga na ndoo yake. Siku ya pili, giza likiingia, alifika kibanda cha mwisho, kilichofungwa kufuli kwa nje. Kabla hajatia ufunguo, mtu akasema kwa upole, "Hodi."

Kwa upweke aliokuwa nao, mdomo ukatangulia akili. "Karibu!"

Akageuka kwa furaha. Njia ilikuwa tupu.

Ndipo akasikia nyayo ndani ya kibanda, zikivuka sakafu ya mbao polepole, zikija mlangoni.