Viazi vya Juu ya Udongo

Fundi cherehani alifunika kapu lake kwa vitambaa vya wateja. Aliyekutana naye njiani alidhani anapeleka nguo. Kumbe ndani mlikuwa na viazi. Aliviokota alfajiri katika shamba kubwa lililovunwa juma lililopita.

Kila msimu shamba lile huacha viazi. Vidogo na vyenye makovu soko halivitaki. Kisha trekta huja na kuvifukia. Chakula kinazikwa, na mwenye njaa ndiye anayeona haya.

Fundi aliona haya kuliko wote, maana mdomo wake ulikuwa umemtangulia. Mwaka juzi jirani yake, mfagizi wa shule, alirudi na gunia kutoka shamba hilohilo. Pale bombani, mbele ya wanawake wote, fundi akamwita Mama Makombo. Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Jina likaganda.

Sasa mume wa fundi hana kazi, na wateja wamepungua. Ndiyo maana alikwenda shambani kabla hakujapambazuka. Aliokota vya juujuu, harakaharaka, akatoka mbio.

Mchana alivichemsha. Binti yake alionja, akakunja uso, akasema ni vichungu. Mama akamwambia ale, asichague. Jioni mtoto alikuwa akitapika huku ameshika tumbo.

Kwenye zahanati muuguzi aliuliza mtoto amekula nini. Fundi alitazama sakafu. Akajibu: viazi vya sokoni. Wakapewa dawa ya kurudisha maji mwilini, wakarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi mfagizi alikuja kumjulia hali mtoto. Mlangoni aliinama, akaokota ganda la kiazi. Lilikuwa la kijani.

"Jirani, hivi si vya sokoni. Uliviokota juu ya udongo?"

Fundi alitamani ardhi impasukie. Akaitikia kwa kichwa.

"Kiazi kikipigwa jua kinakuwa kijani, kinaingia sumu. Hata ukichemsha haitoki. Vizuri viko chini, unavifukua kwa mkono. Tena mchana, uone unachookota."

"Mchana watu wataniona."

"Mimi wameniona miaka miwili na sijafa. Aliyetaka kufa ni mwanao."

Fundi akaanza kusema habari ya lile jina, lakini mwenzake akamkatiza.

"Jina nimelizoea," alisema mfagizi. "Kicheko chako ndicho sijakizoea."

Siku ileile fundi alirudi zahanati na mtoto. Mbele ya watu waliojaa kwenye benchi, alimwambia muuguzi ukweli. Muuguzi akampima mtoto upya, akasema anaendelea vizuri.

Mtoto alipopona, wanawake hao wawili walikwenda kwa msimamizi wa shamba. Aliwaruhusu waokote mpaka trekta lifike. Mfagizi alimwonyesha mwenzake kila kitu. Cha kijani au kichungu, tupa. Kilichooza, tupa. Vizuri viweke mahali pakavu penye giza, hewa ipite.

Walirudi saa sita mchana, makapu wazi. Bombani foleni ilikuwa ndefu. Mmoja akapaza sauti, "Mama Makombo, leo una mwenzio?"

Uso wa fundi uliwaka moto. Lakini aliwahi kuitika kabla ya jirani yake.

"Abee," alisema. "Kesho tunarudi. Njoo na kapu."

Hakuna aliyecheka. Baadaye kidogo yule mwanamke aliuliza, kwa sauti ya chini, wanaondoka saa ngapi.